Kushika Makali, Kutovunjika na Kunoleka: Kuchagua Chuma cha Kisu Mkoani Katavi

Mada kwa wahunzi, wachinjaji na wakulima, Mpanda

1. Utangulizi

Mteja akifika kibandani huuliza, "Fundi, chuma kipi kizuri?" Kabla ya kumjibu, tumuulize anakwenda kukata nini na atanolea wapi. Kisu hupimwa kwa mambo matatu: kushika makali, kuhimili kishindo bila kumeguka, na kunoleka. Mambo haya huvutana, na hakuna chuma kinachoongoza kwa yote. Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu kunoleka kupewe uzito zaidi, kwa kuwa wengi wetu tunanolea jiwe la mtoni.

2. Vyuma vilivyopo

Nondo ina kaboni kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 0.3. Hunoleka upesi na haivunjiki, lakini makali hulala mapema, hata ikipikwa vipi. Ifae kwa vitasa na bawaba.

Springi ya gari ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi. Imetengenezwa kuhimili mashimo ya barabarani, kwa hiyo panga lake huvumilia kisiki. Makali hukaa kiasi cha kutosha, na jiwe la kawaida huyarudisha.

Tupa kuukuu, ikiwa ni chuma kigumu hadi ndani, hufikia kaboni ya asilimia 1 au zaidi. Hutoa kisu kikali sana cha kuchuna ngozi, lakini ukikatia mfupa kitamomonyoka.

Visu vya dukani visivyoshika kutu huwa na kromiamu ya asilimia 13 hivi. Vinawafaa waparaji wa migebuka kule Karema, wanaoshinda majini. Vile vya bei ya chini ni laini: ukinoa, ukingo hukunjamana badala ya kukatika, na kesho yake unanoa tena.

Vipo pia vyuma vya gharama kubwa kama S90V ya Marekani, chenye vanadiamu ya asilimia 9. Makali yake hukaa muda mrefu mno. Tatizo ni kwamba chembe za vanadiamu na kaboni zilizomo ni ngumu kuliko mchanga uliounda mawe yetu mengi ya kunolea. Siku kikiwa butu, utasugua mpaka jua lizame. Kinataka jiwe la almasi.

3. Moto

Springi nzuri ikipikwa vibaya huzidiwa na chuma hafifu kilichopikwa vizuri. Ning'iniza sumaku kwa waya karibu na tanuri. Chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi, sumaku huacha kukivuta. Ongeza moto kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta ya uvuguvugu. Ukitumia maji, springi inaweza kupasuka. Pitisha tupa ukingoni: ikiteleza bila kuuma, chuma kimekaza.

Usikabidhi kisu hapo, maana sasa kinavunjika kirahisi. Kisugue king'ae, ukirudishe kwenye moto mdogo na uangalie rangi. Kisu cha buchani kiishie rangi ya majani makavu, nyuzi 220 hivi. Panga lifike buluu, karibu nyuzi 300, lipungue ugumu na kuongeza uvumilivu.

Kurudia moto si jambo geni ukanda huu. Jirani zetu Wafipa walipika udongo wa chuma katika malungu, matanuri marefu ya kimo cha mita 3 hivi, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya kukifua.

4. Mapendekezo

(i) Panga, shoka na kisu cha jumla: springi.
(ii) Kisu cha kuchuna: tupa, na mteja aonywe kuhusu mifupa.
(iii) Kazi za majini: kisichoshika kutu, ila kinunuliwe pamoja na jiwe zuri.
(iv) Mhunzi ajaribu kila kisu kabla ya kukiuza: akate mti mkavu, kisha akinoe kwa jiwe lilelile analotumia mteja. Kisiponoleka hapo, asikiuze.