MIZANI NA GHALA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kupewa nafasi hii kabla ya kura kupigwa. Mwenyekiti alituagiza sisi wa afisi tueleze habari za uuzaji wa mazao kwetu Kinangop, kwa kuwa maombi mawili yameletwa mbele yenu. La kwanza lataka akiba ya chama ijenge jumba la mikutano. La pili lataka akiba hiyo inunue mizani na kujenga ghala la viazi. Kura ni yenu. Kazi yetu ni kueleza, ili kila mtu ainue mkono wake akijua ainualo.

Chama hiki kilianzwa ili mtu wetu akifikwa na msiba mjini asizikwe kama mgeni. Kazi hiyo twaifanya vema. Mwanachama akifariki asubuhi, kabla ya jua kuchwa mchango umekusanywa na gari la kumrudisha kwao limepatikana. Lakini yafaa tujiulize: mkulima huyo alipokuwa hai, akisimama kando ya barabara na viazi vyake huku mvua ikinyesha, nani kati yetu alisimama naye? Twamzika kwa umoja, lakini twamwacha auze peke yake.

Wazee wanajua kuliko sisi jinsi ardhi ile ilivyopatikana. Tangu mwaka 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa skimu, na wazazi wetu wakaingia kwa deni, wakalipa. Tangu hapo mashamba yamegawanywa kutoka baba kwa wana, na mwenye ekari mbili leo hujiona ana shamba. Ardhi haitaongezeka. Kinachoweza kuongezeka ni sehemu ya bei inayomrudia mkulima. Kiazi ni chakula cha pili kwa ukubwa nchini Kenya baada ya mahindi, na Nyandarua ni miongoni mwa kaunti zinazokitoa kwa wingi. Nairobi haiwezi kukaa bila chipsi wala mukimo. Basi, ikiwa wanunuzi wapo na viazi vipo, kwa nini mlimaji hubaki na deni la mbolea?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Wote mwaijua lumbesi: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kichwa cha wavu juu yake. Gunia hilo huhesabiwa kuwa moja, nalo laweza kupita kilo 100, na mengine hukaribia kilo 150. Tutoe mfano. Tuseme mkulima amekubali shilingi 2,000 kwa gunia, akidhani auza kilo 100, yaani shilingi 20 kwa kilo. Ikiwa gunia lile lina kilo 140, amepata shilingi 14 na senti kidogo tu. Akiuza magunia 20 ya namna hiyo, ametoa kilo 800 zisizolipwa. Kwa bei aliyoidhani, hizo ni shilingi 16,000: karo ya mtoto imepanda lori, na mwenyewe amesaidia kuifunga kamba.

Mtu atasema, sheria ipo. Ndiyo, ipo. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zaagiza kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Lakini sheria bila mizani shambani ni kama mlango bila komeo. Lori husimama penye lumbesi na kupita penye mfuko mdogo. Na kaunti moja ikikaza kamba, mnunuzi huhamia kaunti ya jirani. Mkulima aliye peke yake, aliyekwisha kuchimba viazi vyake, hana nguvu ya kusema hapana. Wakulima mia wenye mizani moja wanayo.

Sababu ya pili ni wakati. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hao hawakulima Shangi. Aina hii twaipenda kwa kuwa hukomaa upesi, huzaa sana na huiva haraka jikoni. Lakini huchipua mapema mno. Tena kiazi kikiachwa juani hugeuka kijani, huwa kichungu na hupata sumu. Kwa hiyo kila mtu huchimba wakati mmoja na kuuza wakati mmoja, nayo bei huanguka wakati huo huo. Baada ya majuma machache bei hupanda, na mkulima husikia habari zake kwenye redio.

Sababu ya tatu ni njia yenyewe. Kutoka shambani hadi Soko la Wakulima la Nairobi, ambalo wengi twaliita Marikiti, kiazi hupita mikononi mwa dalali wa kijijini, mwenye lori, wapakiaji, mtoza ushuru, dalali wa sokoni, muuzaji wa jumla, ndipo kimfikie mama mwenye meza. Kila mmoja hula kidogo. Tusiwatukane watu hawa. Dalali hujua ni nani ana viazi na nani ana lori. Mwenye lori hujitia hatarini barabarani, na mzigo ukiharibika hasara ni yake. Hufanya kazi ambayo sisi hatujaifanya. Tusipotaka kuwalipa kwa kazi hiyo, hatuna budi kuifanya wenyewe, angalau hatua ya kwanza.

Wazee, haya si mambo mapya katika nchi hii. Walowezi walioishi katika ardhi ile ile hawakuuza maziwa kila mtu na ndoo yake. Mwaka 1925 waliunda ushirika wao wa KCC. Mwafrika alichelewa kufunguliwa njia hiyo. Lakini mwaka 1961 wafugaji 31 wa Githunguri, katika Kiambu, walikusanyika ili wauze maziwa yao pamoja. Hawakuwa matajiri, na maziwa huharibika upesi kuliko kiazi. Mwaka 2004 ushirika wao ulifungua kiwanda chake wenyewe, na leo wanachama wake ni maelfu. Walianza na yale tunayoyazungumza hapa: mahali pa kukusanyia, kipimo, na kitabu.

Kuna na mfano wa kututahadharisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga kiwanda Karatina cha kukausha mboga kwa ajili ya jeshi, na wakulima wa Nyeri wakalima kwa bidii. Vita vilikwisha mwaka 1945, jeshi halikuhitaji tena mboga zile, na kiwanda kikafungwa. Mashamba yalikuwa pale pale, na ujuzi ulikuwa pale pale, ila mnunuzi alikuwa mmoja, naye akaenda zake. Basi tusijenge ghala ili tumngojee mnunuzi mmoja mkubwa wa mjini.

Kwa hiyo afisi yaona mambo manne.

Kwanza, mizani iwekwe mahali ambapo wanachama wengi waweza kufika kwa punda au mkokoteni, ikaguliwe na maofisa wa vipimo wa serikali, na viazi vyote vipimwe kwa kilo na kufungwa mifuko ya kilo 50. Hata mwanachama atakayemwuzia dalali, na ajue kwanza ni kilo ngapi anazouza.

Pili, ghala lijengwe lenye giza, baridi na hewa ya kupita. Hali ya hewa ya kwetu ni baridi, nayo yatusaidia bila malipo. Hatuwaambii kwamba Shangi itakaa humo miezi mingi, maana haitakaa. Ghala litatupa majuma machache, na katika biashara ya viazi majuma machache ndiyo tofauti ya kuuza na kutupa. Viazi vya mbegu viwe na mahali pao penye mwanga mdogo, ili vichipue vizuri.

Tatu, tuanze na wanunuzi walio karibu. Shule za bweni, hospitali na hoteli ndogo za Njabini, Engineer na Naivasha hununua viazi, kabeji, karoti na maharagwe kila juma. Mara nyingine mboga za shule iliyo kilomita kumi kutoka kwetu hununuliwa mjini, baada ya kwenda na kurudi. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango ambamo shule za sehemu kame zilipewa fedha zinunue chakula karibu nazo. Jambo hilo latufaa sisi pia. Mkuu wa shule hawezi kununua kwa wakulima mia, kila mmoja na debe lake. Lakini aweza kununua kwa chama kimoja chenye hati, kinacholeta mzigo Jumatatu kama kilivyoahidi. Mzigo utakaobaki ndio uende Marikiti, tena kwa lori moja lililojaa.

Nne, daftari. Hapa twajua linalowatia wazee wasiwasi. Mmeona vyama vya ushirika vilivyoliwa na viongozi wake mpaka wakulima wakang'oa miti yao ya kahawa. Wasiwasi huo ni wa haki. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo twaomba iandikwe katika azimio lenyewe: kila mzigo uwe na risiti mbili, moja ya mkulima na moja ya ghala, fedha zisitoke benki bila sahihi tatu, mojawapo ikiwa ya mama aliyechaguliwa na wakulima, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya ghala. Asiyetaka kusomewa hesabu zake asipewe kazi ya kuzishika.

Limebaki jambo moja gumu, nalo halitoki kwa viongozi. Siku moja dalali atakuja na bei iliyozidi ya chama kwa shilingi moja au mbili, apate kuvunja umoja. Mwanachama atakayemkimbilia siku hiyo atapata shilingi mbili, na shule itakosa mzigo wake, na Jumatatu ifuatayo haitatuita tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba kibaba humwagika. Kwa hiyo kila atakayejiunga na atie sahihi kwamba sehemu fulani ya mavuno yake, hata kama ni nusu tu, ni ya ghala, bei ikipanda au ikishuka. Nusu iliyobaki ni yake, auze apendako.

Wanaotaka jumba la mikutano si wajinga. Kukutana chini ya mti wakati wa mvua ni taabu, na chama chenye heshima chastahili paa. Lakini jumba halitazaa shilingi ya kuezeka ghala, na ghala likisimama na kufanya kazi laweza kuzaa shilingi ya kujenga jumba. Mpango huo ndio afisi yaupendekeza: mizani mwaka huu, ghala mwaka ujao, jumba baadaye. Akiba ya mazishi isiguswe hata senti moja.

Vijana wetu wengi wameuacha mji wa nyumbani kwa kuwa waliwaona baba zao wakilima na kubaki mikono mitupu. Hatuwezi kuwaamuru warudi. Twaweza kuwaonyesha risiti yenye kilo zilizopimwa kweli na bei iliyolipwa kweli, waamue wenyewe.

Bwana Mwenyekiti, wazee, mama zetu: maneno yetu yamekwisha, na karatasi za azimio zi mezani. Twaomba zisomwe kwa sauti mara mbili kabla ya mikono kuinuliwa, ili asiyejua kusoma apige kura sawa na asomaye.