Mzigo Usiosomwa na Beji: Afya ya Akili ya Wataalamu wa Mionzi



Mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei nchini mwetu hutakiwa kuvaa kifuani kifaa kidogo kinachopima mionzi inayomfikia. Sisi hukiita beji. Beji hukusanywa kila baada ya muda na kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Ukomo unaokubalika kimataifa ni milisiveti 20 kwa mwaka, zikipigiwa wastani wa miaka 5. Beji ikivuka hapo, uongozi hutakiwa kujieleza, chumba hukaguliwa na mtumishi huangaliwa. Hakuna anayethubutu kumwambia ajikaze.

Utaratibu huo ulipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Mwanafizikia Wilhelm Röntgen aliigundua miale ya eksirei mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na haukupita mwaka ikawa inatumika hospitalini. Huko Marekani, Clarence Dally, fundi wa vioo katika maabara ya Thomas Edison, alikuwa akijaribia mitambo kwa mikono yake mwenyewe. Ngozi ikaungua, saratani ikafuata, mikono ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki akiwa hajafika miaka 40. Mnara uliosimamishwa Hamburg mwaka 1936 ulianza na majina 169 ya watu wa fani hii waliouawa na mionzi, na mengine yakaongezwa baadaye. Wengi wao waliendelea kufanya kazi na vidonda vyao. Kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi iliundwa Stockholm mwaka 1928, pale wanataaluma walipokubali kwamba majeraha yale yanatokana na kazi, kwamba yanaweza kupimwa, na kwamba wenye wajibu wa kuyazuia ni wasimamizi wa idara.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Kuhusu akili za wataalamu wetu, bado tuko kwenye zama za Dally.

Naomba mnifuate kwenye chumba cha altrasaundi. Mama mjamzito amelala kitandani. Haangalii kioo cha mashine, maana hakimwambii kitu. Anamwangalia usoni mtaalamu. Mtaalamu anatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Anasogeza kifaa, anabonyeza kidogo, anarudia pale pale, anapima tena. Hayapo. Mama anauliza, "Daktari, mtoto anaendeleaje?" Katika hospitali nyingi, majibu hutolewa na daktari aliyeandika kipimo. Basi mtaalamu anamfuta jeli tumboni na kusema, "Mama, majibu utaelezwa na daktari." Sauti yake imeshamwambia nusu. Mlango unafunguliwa, anaingia mwingine, mimba yake ya kwanza, amefuatana na dada yake, wote wana furaha. Na mtaalamu anatakiwa atabasamu.

Huyu amekuwa mtu wa kwanza duniani kujua msiba wa familia, na mtu pekee chumbani aliyekatazwa kuutaja. Atafanya hivyo tena wiki ijayo, na hakuna daftari linaloandika kwamba amefanya. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu alichochapisha mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba kuzificha hisia zako ili mteja aone sura anayoihitaji ni kazi kamili, inayochosha kama kubeba mizigo. Yeye aliandika kuhusu watu wanaotabasamu wakigawa chakula na kukagua mikanda ya viti. Mtaalamu wetu anatabasamu baada ya kukuta moyo wa mtoto umesimama.

Kuna mengine. Kuna zamu ya usiku ya mtu mmoja, majeruhi wa bodaboda wakiingia kwa mfululizo, aproni ya madini ya risasi ikilemea mabega. Kuna siku mashine ya CT inapoharibika na ndugu wa mgonjwa wanamfokea aliye dirishani, ambaye hana hata namba ya simu ya fundi. Naye daktari wa mionzi, tunayemdhania amejipumzikia kwenye chumba chenye giza, analetewa mamia ya picha kwa mgonjwa mmoja na anajua kwamba kivuli kidogo kikimpita, mtu anaweza kufa.

Christina Maslach na mwenzake walichapisha mwaka 1981 dodoso la kupima uchovu wa kazi uliokithiri: nguvu kuisha, moyo kuwa mgumu kwa wale unaowahudumia, na kujiona hufanikishi chochote kazini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huo kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, na halikuuweka katika kundi la magonjwa. Mtaalamu anayemjibu mgonjwa kwa ukali saa tisa usiku huenda hana tabia mbaya hata kidogo; huenda tunaona alama ya dozi iliyovuka ukomo.

Tunafanya nini kwa sasa? Semina ya siku moja, chai, fulana, mafunzo ya kuvuta pumzi, kisha kila mtu anarudi kwenye ratiba ile ile. Sina ugomvi na pumzi. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha Dally kuvuta pumzi akasalimika.

Turudi kwa yule mama wa altrasaundi. Nchini Uingereza, mtaalamu wa altrasaundi ndiye anayemweleza mama palepale, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo wa namna ya kutoa habari kama hizo. Sisi tunaweza kuchagua njia nyingine, ila tuchague kwa maandishi: nani anasema, ndani ya muda gani, na nani anashika kifaa kwa mama anayefuata.

Nitaambiwa wataalamu ni wachache mno, hatuwezi kuwapumzisha. Uchache ndio sababu yangu. Wilaya yenye mtaalamu mmoja, akiacha kazi, mashine inafunikwa shuka na wagonjwa wanapanda basi kwenda mkoani.

Tuanzie hapa chuoni. Daftari la mazoezi la mwanafunzi huhesabu picha alizopiga. Nimeiomba idara yangu iongeze ukurasa mmoja wa kila mwezi, wenye maswali ya dodoso kama lile la Maslach na nafasi ya kuandika alichokiona kikamkaa moyoni. Usomwe na mshauri nasaha mwenye mamlaka ya kuagiza ratiba ibadilishwe, na huyo asiwe kamwe mtu anayempa mwanafunzi alama.