Jaribio Limekwisha, Kazi Imebaki

(Maneno yaliyosemwa mjini Kampala na mmoja wa wajitoleaji, mbele ya mafundi wa kompyuta na wawakilishi wa wakimbizi, siku ya kufunga jaribio la programu ya simu ya kuandikisha watoto waliopotezana na jamaa zao. Tunayachapa hapa kwa faida ya wakaaji wote wa kambi.)



Nimeombwa nieleze mambo mawili: tumeona nini katika jaribio hili, na toleo lijalo litakuwaje. Nitasema kwa maneno ya kawaida, maana wengi wetu hapa si watu wa kompyuta.

Kwanza, kwa nini programu hujaribiwa? Mafundi huliita toleo la majaribio «beta», yaani herufi ya pili ya Kigiriki. Maana yake ni kwamba programu inafanya kazi, lakini bado haijaaminiwa. Ni kama mtumbwi mpya. Hauanzi kupakia akina mama na watoto. Unashushwa majini karibu na ufuko, wanaingia wanaojua kuogelea, na watu wanatazama maji yanapoingilia.

Kazi hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya hapa Uganda. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, wakati watu wa Rwanda walipokimbilia Goma na Tanzania. Maelfu ya watoto walipotezana na wazazi. Waliandikwa kwenye karatasi, wakapigwa picha, na picha zikabandikwa mahali ambapo watu wangeziona. Wengi walipatikana kwa njia hiyo. Lakini karatasi husafiri polepole, na huku mtoto anakua na sura inabadilika.

Baadaye mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, Jorge Just, akiwa katika darasa lililofanya kazi pamoja na UNICEF, alianza kufikiria namna ya kutumia simu badala ya karatasi. Ndipo ikazaliwa programu iitwayo RapidFTR. Waandishi wake wengi walikuwa watu wa kujitolea, wakisaidiwa na kampuni ya ThoughtWorks, na ofisi ya UNICEF hapa Kampala ikaibeba kazi hiyo. Mwaka 2012 vita vya M23 vilipoanza Kivu ya Kaskazini, watu wengi walivuka Bunagana, wakapokelewa Nyakabande, wilaya ya Kisoro, na wengi wakapelekwa Rwamwanja. Huko ndiko programu hiyo ilikotumika, mikononi mwa watu waliokuwa wakiandikisha watoto kila siku.

Tujifunze nini kwao? Mambo matatu. Kwanza, iliandikwa mwanzoni kwa simu za BlackBerry, halafu ikabidi iandikwe upya kwa simu za Android. Hawakuona haya kubadili njia. Pili, haikungoja mtandao. Habari zilihifadhiwa ndani ya simu, zikatumwa mtandao ulipopatikana. Tatu, kila mfanyakazi aliingia kwa neno lake la siri, ili habari za mtoto zisisomwe na kila mtu.

Sasa nije kwenye jaribio letu. Haya ndiyo tuliyoyaona:

1. Majina. Hapa nitasema habari yangu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu alipotea njiani akiwa na miaka minne. Tulimtafuta kwa jina la Byamungu. Kwenye karatasi alikuwa ameandikwa Biamungu. Alikuwa kambi ile ile tuliyokaa sisi, na ilipita miezi mitatu kabla dada hajamwona kwa macho yake, kwenye foleni ya maji. Simlaumu aliyeandika, aliandika alivyosikia. Lakini katika jaribio hili simu nayo ilifanya kosa lile lile. Ukikosea herufi moja, inakujibu kwamba mtoto hayupo.

2. Swali la kijiji. Fomu inamwuliza mtoto: «Unatoka kijiji gani?» Mtoto wa miaka mitano hajui. Ukimwuliza mama yake anaitwa nani, atasema «Mama». Lakini ukimwuliza mlikuwa mkichota maji wapi, mlisali wapi, jirani alifuga nini, atakueleza mpaka uchoke. Akina mama ndio waliotuonyesha jambo hili, si mafundi.

3. Kuandikwa mara mbili. Mtoto aliandikwa asubuhi kwenye meza moja, na mchana akaandikwa kwenye meza nyingine, kwa sababu simu mbili zisizo na mtandao hazijuani. Zikikutana baadaye, mtoto mmoja anakuwa wawili, na mmoja kati yao anatafutwa bure.

4. Jua na betri. Adhuhuri kioo cha simu hakisomeki. Jioni betri imekwisha. Kwa hiyo daftari na kalamu visitupwe.

Ndugu zangu, orodha kamili ni ndefu kuliko hii. Jana tulikaa na mafundi tukaigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo bila hayo programu haitoki. Ni kutafuta jina kwa jinsi linavyosikika, kuonyesha watoto wanaofanana ili mtu aamue kama ni mmoja, kubadili maswali ya watoto wadogo, na kuzifunga habari zote ili simu ikiibiwa zisisomeke.

Fungu la pili ni mambo mazuri yanayoweza kungoja: maswali kwa Kinyabwisha na Lingala, na kurekodi sauti ya mtoto. Najua wapo waliotaka haya kwanza. Lakini kila jambo tunaloongeza linasogeza mbele siku ya kutoa programu, na kuna mtoto anayengoja siku hiyo.

Fungu la tatu ni jambo tulilokataa. Kijana mmoja alisimama akauliza: «Kwa nini picha zote zisipelekwe WhatsApp, kila mtu azione? Si watapatikana upesi?» Swali lake ni zuri, na lilitoka kwenye moyo mzuri. Tulilijadili muda mrefu. Mama mmoja akamjibu hivi: aliyetuchomea nyumba naye ana simu. Picha ikishatoka hairudi. Anaweza kuiona mtu anayewatafuta wazazi wa mtoto kwa ubaya, au mtu atakayekuja kusema «huyu ni wangu» ili apate mtumishi wa nyumbani au askari. Kwa hiyo picha haitatoka nje. Mtu akija kumdai mtoto, ataulizwa kwanza, na majibu yake yatalinganishwa na ya mtoto. Hii itachelewesha baadhi ya familia. Tunajua hivyo, na tumekubali.

Mtauliza: jaribio limekwisha na makosa bado yapo, mbona mnalifunga? Tunalifunga kwa sababu tumeanza kusikia makosa yale yale kila siku. Shamba likishakaguliwa, kinachobaki ni kulima.

Neno la mwisho kwa mafundi. RapidFTR ilifika mpaka Ufilipino baada ya kimbunga Haiyan cha mwaka 2013, na Sudan Kusini pia. Baadaye kazi yake iliendelezwa ndani ya programu nyingine iitwayo Primero. Jina likabadilika, kazi ikaendelea. Basi msiipende programu yenu kuliko kazi yake. Na mkiandika toleo jipya, rudini mtuonyeshe, tuliokosoa hili la kwanza.

Na kwenu wakaaji wa kambi, nawaomba haya:

– Aliyepotelewa na mtoto au ndugu asingoje programu yoyote. Aende leo kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto, au kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda. Kutafutiwa jamaa hakulipiwi. Anayekudai pesa usimpe, mtaje kwa viongozi.

– Ukimwona mtoto yuko peke yake, usimchukue kwenda naye mbali. Mpeleke kwa wahudumu, na ueleze mahali ulipomkuta.

– Wafundishe watoto wenu jina lao lote, jina la baba na la mama, na mahali mlikotoka. Waimbeni wimbo wakipenda. Simu inaweza kuzimika, lakini anachokijua mtoto atakuwa nacho popote aendapo.