Kijiti, Beseni na Kibuyu

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi za Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya

Tangu mwaka 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumiwa katika madarasa ya chini ya shule za Kenya, malalamiko ya gharama yamesikika mara nyingi katika nyumba za wazazi, toka Othaya hata Chuka. Mtoto hurudi jioni na kusema ya kuwa kesho anatakiwa awe na karatasi za manila, rangi, gundi, au picha iliyochapwa dukani. Mzazi anayeishi kwa kuchuma majani ya chai hawezi kupata fedha hizo kila wiki. Kesho yake mtoto asiye na kitu huketi akiwatazama wenzake wakifanya kazi, na somo analolipata siku hiyo ni kwamba kwao ni maskini.

Mtaala wenyewe wataka watoto wajifunze kwa kutenda, na jambo hilo ni jema. Lakini yafaa ijulikane ya kuwa mengi katika mambo ya kutenda hayahitaji duka. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka 1940, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyocheza utotoni katika kijito karibu na mti wa mugumo. Aliyaona mayai ya vyura majini akadhani ni shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni, nayo yakamponyoka. Baadaye akaviona viluwiluwi. Mtoto huyo alikuja kuwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Basi, na tuanze na kijiti. Mwalimu akisimamishe kijiti cha urefu wa mita moja katika uwanja wa shule, kiwe wima barabara, na watoto waweke kokoto penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, tangu saa sita kamili hata saa saba. Wataona kivuli kikifupika, kisha kikaanza kurefuka tena. Hapo watauliza swali zuri sana: mbona kivuli si kifupi kuliko vyote saa sita kamili? Sababu ni kwamba saa ya Kenya hufuata mstari wa digrii 45 za mashariki, ambao wapita karibu na Mogadishu, nalo jua huchelewa nusu saa na zaidi kufika Nyeri. Mwezi wa Machi jua hufika juu ya Nyeri na Nanyuki karibu na saa sita na dakika 40. Mwezi wa Septemba, karibu na saa sita na dakika 25.

Karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, kijiti kilichosimamishwa Nanyuki, mji ulio juu ya mstari wa Ikweta, hakina kivuli wakati huo. Mwezi wa Juni kijiti cha mita moja mjini Nyeri hutoa kivuli cha sentimita 44 hivi, nacho huelekea kusini. Mwisho wa Desemba kivuli ni cha sentimita 42 hivi, nacho kimegeuka, chaelekea kaskazini. Desemba shule zimefungwa. Kila mtoto na apime nyumbani kwao na kuleta hesabu yake Januari. Juni na Julai nazo ni miezi ya baridi na mawingu katika Nyeri, kwa hiyo mwalimu asingoje tarehe. Siku jua likitoka, watoto watoke pia. Wakisha kupima, waambiwe habari za Eratosthenes, mtu aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ambaye kwa kivuli cha namna hii alikadiria mzingo wa dunia nzima.

Nanyuki kuna jambo jingine. Kwenye kibao cha Ikweta, wageni huonyeshwa beseni lenye tundu. Maji huzunguka upande mmoja hatua chache kaskazini ya mstari, na upande wa pili hatua chache kusini. Wageni hustaajabu, na wengi hulipa. Darasa na lijaribu lenyewe. Beseni kuukuu litobolewe tundu dogo katikati, tundu lizibwe kwa kidole, maji yatiwe, na njiti ya kibiriti ielee juu. Jaribio lifanywe mara ishirini mahali pamoja na matokeo yaandikwe. Mara maji yatazunguka kulia, mara kushoto, kwa kadiri yalivyomiminwa au beseni lilivyoinama. Mzunguko wa dunia hugeuza pepo za dhoruba kubwa, lakini katika beseni nguvu yake ni ndogo mno, haionekani. Mtoto wa miaka kumi aliyeyaona hayo kwa macho yake si rahisi kudanganywa na kila mwenye maneno matamu.

Mwalimu mwenye watoto sitini atasema ya kuwa hayo ni ya madarasa madogo. La, hasha. Na awagawe sita sita: mmoja ashike kijiti, mmoja aweke kokoto, mmoja apime kwa uzi uliopigwa mafundo, mmoja asome rula, mmoja aandike. Wa sita, naye awe yule asiyesema kamwe darasani, ndiye aeleze mbele ya wote waliyoyaona. Kazi hizo zibadilishwe kila siku, maana pasipo kubadilisha, watoto wawili hodari watafanya yote.

Katika masomo ya lugha, Wagikuyu walikuwa na chombo chao tangu kale, yaani gicandi. Hicho ni kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje. Mwimbaji alikitikisa huku akiifuata alama moja baada ya nyingine, akitega na kutegua mafumbo. Padre Vittorio Merlo Pick alikiandikia kitabu mwaka 1973. Watoto wa leo waweza kuchora kwa makaa alama zao wenyewe juu ya kipande cha kibuyu au cha gome la mgomba: alama moja kwa mto, moja kwa soko la Karatina, moja kwa ng'ombe aliyepotea. Mtoto asimulie hadithi yake kwa kuzifuata, kisha ampe mwenziwe kipande hicho aisome upya. Hadithi ya pili haitakuwa sawa na ya kwanza, na mabishano yatakayofuata ndiyo somo lenyewe. Mwalimu asiharakishe kuyakata. Bibi au babu mmoja akialikwa aanze kipindi kwa kusema "Gwata ndai!", darasa zima litajua la kujibu.