KUNUNUA PIKIPIKI ILIYOKWISHA TUMIKA

Leo nataka kusema nanyi habari za pikipiki; si ile mpya ing'aayo dukani, bali iliyokwisha tumika, nayo ina ugonjwa, na mwenyewe ataka kuiuza kwa bei rahisi. Je, inunuliwe au iachwe? Hili si jambo dogo. Mara nyingi fedha iliyo mfukoni mwa mnunuzi ni mavuno ya mwaka mzima, au karo ya watoto, au akiba ya ndugu wawili waliochanga. Ikipotea, hairudi mpaka mavuno mengine.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mtambo wenyewe ufanyavyo kazi. Pikipiki nyingi zitumikazo katika nchi zetu zina injini ya mipigo minne. Mjerumani mmoja, jina lake Nikolaus Otto, aliunda injini ya namna hii mwaka 1876, na asili yake ni ile ile hata leo. Pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Kisha hupanda na kuikandamiza. Cheche ya plagi huiwasha, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Halafu pistoni hupanda tena na kutoa moshi nje. Basi shikeni neno hili: bila kukandamiza hakuna nguvu. Ikiwa silinda imelika, au ringi za pistoni zimechakaa, hewa huponyoka pembeni, na mafuta ya kulainisha hupanda mahali pa moto yakaungua.

Kwa hiyo magonjwa ya pikipiki ni ya namna mbili: ya viungo na ya moyo. Cheni, tairi, breki, waya wa klachi, plagi na betri ni viungo. Hivi huchakaa hata katika pikipiki njema, navyo hubadilishwa upesi, na bei zake zajulikana. Lakini pistoni, silinda, beringi za ndani na gia ndio moyo. Kuvifikia hapana budi injini ifunguliwe, na hata fundi hodari hawezi kutaja gharama yake kwa hakika kabla ya kuona ndani. Kazi yako wewe mnunuzi ni kujua ugonjwa ni wa namna gani, kabla fedha haijatoka mkononi.

Nenda mchana, nuru ikiwa njema, pamoja na fundi umwaminiye, wala asiwe rafiki wa muuzaji. Karibisha mkono penye injini. Ikiwa ina joto, imekwisha washwa kabla hujafika. Huenda ni kwa sababu hukataa kuwaka ikiwa baridi. Usione haya, ngoja mpaka ipoe, kisha iwashwe mbele yako. Kabla ya kuwasha, bonyeza kiki polepole. Ikishuka bila kukuzuia hata kidogo, nguvu ya kukandamiza ni haba. Tazama na mafuta ya injini. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na chembe za chuma zimetazo, kitu kinasagika ndani.

Injini ikiisha kuwaka, tazama moshi. Moshi mweupe wa muda mfupi wakati wa baridi ni mvuke tu. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa; pengine kabureta yataka kurekebishwa, au chujio la hewa limejaa vumbi, na dawa yake si ghali. Bali moshi wa buluu usiokoma, uzidio kila ukivuta mafuta, ni mafuta ya injini yanayoungua. Huo ni ugonjwa wa moyo. Kisha sikiliza. Mlio mwepesi wa juu, kama kidole kigongacho meza, mara nyingi ni vali zinazotaka kupimwa na kukazwa. Lakini mgongo mzito utokao chini ni dalili ya beringi zilizokwisha.

Halafu iendeshwe, na juu ya kilima ikiwezekana. Gia ikiruka yenyewe, ni ugonjwa wa moyo tena. Mwisho simama nyuma yake, mtu mwingine aisukume polepole, utazame kama magurudumu mawili yafuatana katika mstari mmoja. Ikiwa fremu imepinda, au ina ufa uliochomelewa na kupakwa rangi, iache. Kwa jambo hili usikubali kupunguziwa bei, maana fremu ikikatika njiani wewe na abiria wako mtakuwa hatarini.

Tena, pikipiki haina chuma tu, ina karatasi. Linganisha namba iliyopigwa penye shingo ya fremu, na namba ya injini, na zile zilizoandikwa katika kadi ya usajili. Uliza jina lililo katika kadi ni la nani. Siku hizi pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na aliyekopesha huweza kuitwaa ikiwa deni halijalipwa, ingawa wewe umelipa yote. Katika Tanzania habari za usajili zatafutwa kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Katika Kenya kwa NTSA.

Sasa tufanye hesabu. Bei nizitajazo ni za mfano tu. Tuseme mtu wa Mbinga ameuza kahawa yake, akaonyeshwa pikipiki kwa shilingi 1,100,000. Fundi asema cheni, tairi na breki zitataka shilingi 150,000. Jumla ni 1,250,000. Pikipiki ya namna ile ile, umri ule ule, iliyo nzima, yauzwa 1,400,000. Basi inunuliwe. Lakini ikiwa injini nayo yatoa moshi wa buluu, na fundi akisia shilingi 400,000 zaidi, jumla yawa 1,650,000. Ile iliyoitwa rahisi imepita nzima kwa shilingi 250,000, wala hatujahesabu siku itakazolala gereji bila kuleta senti. Wazee walisema kweli kwamba rahisi ni ghali.

Muuzaji atasema, "Ni kitu kidogo tu hicho, bwana." Mjibu kwa upole, "Ikiwa ni kidogo, kitengeneze kwanza, nami nitalipa bei yako. Au upunguze gharama yake." Akikataa yote mawili, amekwisha kukujibu. Wala usitumie fedha yako yote hata kama pikipiki ni njema. Mwenye shilingi 1,250,000 asinunue kitu kitakachomla 1,250,000 kamili, maana siku zote huwako ugonjwa mmoja uliojificha.

Kwa hiyo, msikilizaji, siku ya kwenda kutazama iache fedha nyumbani, uchukue karatasi na kalamu. Andika bei, andika matengenezo, ujumlishe, kisha ulale usiku mmoja juu ya hesabu hiyo. Asubuhi ikiwa hesabu bado ni njema, nenda ukanunue. Ikiwa si njema, mshukuru mwenyewe, ushike njia yako; pikipiki nyingine zipo.