Kila Mafuta na Asidi Zake: Asidi za Mafuta katika Maumbile na Viwandani

Mada kwa semina ya wasindikaji wadogo wa mafuta na watengenezaji wa sabuni



1. Utangulizi

Mkoani Kigoma, chikichi moja hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje hukamuliwa mawese, na kiini kilichomo ndani ya kokwa hukamuliwa mafuta ya mise. Tunda ni moja, lakini mafuta hayo hayafanani rangi, hayagandi kwa namna moja, na mtengenezaji wa sabuni akiyapimia kostiki soda kwa kipimo kimoja ataharibu sufuria nzima. Tofauti ya rangi inatokana na karotini iliyomo kwenye mawese. Tofauti nyingine zinatokana na asidi za mafuta.

Hoja ya mada hii ni moja: anayenunua, kukamua au kuuza mafuta bila kujua asidi zilizomo anafanya kazi kwa kubahatisha. Nitaeleza asidi hizi ni nini, zinapatikana wapi, zinafanya kazi gani, kisha nitatoa mapendekezo.

2. Asidi ya mafuta ni nini

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni zilizoshikana na hidrojeni, wenye kundi la asidi kwenye ncha moja. Ndani ya mbegu au nyama, kwa kawaida asidi hizi hazikai peke yake. Asidi tatu hushikamana na molekuli moja ya glisirini, na huo muungano ndio tunaouita mafuta. Aliyeufumbua ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Alianza kuchunguza sabuni mwaka 1811, na mwaka 1823 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba tunapopika sabuni tunazitenganisha asidi na glisirini. Watu walikuwa wamepika sabuni kwa karne nyingi kabla yake bila kujua kinachotokea ndani ya chungu.

Tabia ya asidi huamuliwa hasa na mambo mawili. La kwanza ni urefu wa mnyororo. Asidi lauriki ina kaboni 12, palmitiki 16, steariki 18. Karibu zote zina idadi shufwa, kwa sababu seli huujenga mnyororo kwa kuongeza kaboni mbili mbili. La pili ni vifungo maradufu kati ya kaboni. Steariki haina hata kimoja, yaani imeshiba hidrojeni. Oleiki ina kimoja, linoleiki viwili, linoleniki vitatu, ingawa zote zina kaboni 18.

Kifungo maradufu cha asili huupinda mnyororo. Kuni zilizonyooka hupangika vizuri katika mzigo, zilizopinda huacha mianya. Minyororo nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana steariki huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi za Selsiasi, oleiki kwenye 13, na linoleiki hubaki maji hata chini ya sifuri.

3. Katika maumbile

Mmea huweka akiba ya mafuta kwenye mbegu kwa sababu gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga hutoa 4. Lakini kila mmea una mchanganyiko wake. Karibu nusu ya asidi za nazi ni lauriki, na mise iko karibu sana na nazi. Mawese yana palmitiki asilimia 44 hivi na oleiki asilimia 40 hivi. Mafuta ya ufuta yamegawana oleiki na linoleiki karibu sawa kwa sawa. Kungumanga, tunayoifahamu katika viungo vya Zanzibar, imejaa asidi miristiki yenye kaboni 14, na ndimo asidi hiyo ilimotenganishwa mara ya kwanza, mwaka 1841.

Alizeti inatufundisha jambo zaidi. Vitabu vingi husema mafuta yake ni linoleiki kwa asilimia 60 na zaidi. Hata hivyo, alizeti iliyokomaa kwenye joto huwa na oleiki nyingi kuliko ile ya mbegu hiyo hiyo iliyokomaa kwenye baridi. Mbegu nazo hutofautiana: mwaka 1976 Muungano wa Kisovieti ulitoa aina iitwayo Pervenets yenye oleiki nyingi mno, na ndiyo mama wa alizeti za oleiki zinazolimwa leo duniani. Kwa hiyo takwimu ya kitabu kilichoandikwa Ulaya si lazima iwe kweli kwa gunia la Singida.

Kwa wanyama, ng'ombe hula majani yenye linoleniki nyingi, lakini bakteria wa tumboni mwake huzishibisha hidrojeni asidi hizo kabla hazijafyonzwa. Ndiyo sababu shahamu ya ng'ombe ni ngumu ingawa chakula chake ni kibichi. Samaki hali yake ni nyingine. Asidi ndefu za omega-3 zinazosifiwa katika dagaa na samaki wa baharini hutokana kwa sehemu kubwa na mwani mdogo, ambao huliwa na vijidudu vya majini, navyo vikaliwa na samaki.

Mwili wa binadamu hutengeneza asidi nyingi wenyewe, ila linoleiki na linoleniki hauziwezi. Ni lazima ziliwe. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1929, pale George na Mildred Burr wa Marekani walipowanyima panya mafuta kabisa, na panya wakadumaa na kuugua ngozi. Asidi hizo si kuni za kuchomwa tu: zimo katika utando wa kila seli.

4. Viwandani

4.1 Sabuni

Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 141 hivi za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Mafuta ya mise huhitaji gramu 175 hivi, na ya nazi gramu 183 hivi. Sababu ni urefu wa mnyororo: asidi fupi ni nyepesi, hivyo katika kilo moja zimo nyingi zaidi, na kila moja inadai sehemu yake ya kostiki. Anayetumia kipimo cha nazi kwa mawese atabakiza gramu 40 na zaidi za kostiki katika kila kilo, na atakayeumia ni ngozi ya mteja.

Tuchukue mfano wa kilo 7 za mawese na kilo 3 za nazi. Mawese yanahitaji gramu 987, nazi gramu 549, jumla gramu 1,536. Tukipunguza asilimia 5 kwa usalama, tunapima gramu 1,459. Kuchanganya huku kuna maana. Lauriki hutoa povu jingi la haraka, hata katika maji ya bahari, lakini ikizidi hukausha ngozi. Palmitiki hutoa mche mgumu usioisha upesi.

4.2 Chakula

Vifungo maradufu ndipo oksijeni inapoanzia kushambulia. Mafuta yenye linoleiki nyingi huchacha na kuharibika kwenye kikaango upesi kuliko yenye oleiki. Muuza chipsi anayerudia mafuta siku nzima anapaswa kulijua hilo.

Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta maji kwa hidrojeni. Viwanda vikanufaika, lakini hidrojeni isipokamilisha kazi huzalisha mafuta ya transi, ambayo huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa kuyaondoa kabisa mafuta ya transi ya viwandani.

Kwa wasindikaji wa mawese, adui wa karibu ni asidi huru. Chikichi likipondeka, kimeng'enya chake huanza kuzitenga asidi na glisirini, na mavuno yakilala siku kadhaa kabla ya kuchemshwa asidi huru hupanda. Kuchemsha mapema hukiua kimeng'enya hicho. Katika biashara ya dunia mawese ghafi hutarajiwa kutozidi asilimia 5 ya asidi huru. Yaliyozidi sana bado yanafaa kwa sabuni, lakini bei yake si ya mezani.

4.3 Nyonyo na kazi nyingine

Mafuta ya nyonyo yana asidi risinoleiki kwa karibu asilimia 90. Asidi hii ina kundi la ziada la oksijeni na hidrojeni katikati ya mnyororo, jambo linaloyafanya mafuta kuwa mazito na kuyapa kazi zisizofanywa na mafuta mengine. Kutokana nayo hutengenezwa grisi ya magari na nailoni namba 11. Ila makapi yake yana sumu ya risini na hayafai kulishwa mifugo bila kuondolewa sumu hiyo. Steariki nayo imo katika mpira wa matairi na, ikiwa chumvi ya magnesi, katika vidonge vya dawa. Asidi za nazi na mise hugeuzwa viambata vya kutoa povu katika shampuu na dawa za meno.

5. Hitimisho na mapendekezo

Ndugu washiriki, napendekeza yafuatayo:

(i) Kila mpika sabuni apime kwa mizani, si kwa kikombe, na akokotoe kostiki kwa kila aina ya mafuta peke yake.

(ii) Vikundi vya Kigoma na kwingineko vipange zamu za kuchemsha ili chikichi lililovunwa lisilale.

(iii) Kabla ya kuchagua soko, kikundi kipeleke sampuli kwenye maabara ya viwango na kuomba vipimo vya asidi huru na vya iodini. Kipimo cha iodini huonyesha wingi wa vifungo maradufu.

(iv) Wasindikaji wa alizeti wauombe ushirika wao mbegu yenye oleiki nyingi pale soko la kukaangia linapoihitaji.

Majibu ya maabara yaandikwe daftarini pamoja na tarehe na jina la shamba. Mnunuzi akiuliza ubora wa mafuta yenu, mfungulieni daftari hilo, nanyi mdai bei inayolingana nao.