Mlango wa garaji: tuufunge bila kuumiza ukuta

Maneno tuliyotoa hapa Rubaya, mbele ya wanachama na marafiki wa chama



Leo hatuzungumzi siasa. Tunazungumza juu ya mlango. Kuna atakayecheka: chama kizima kukutana kwa sababu ya mlango? Ndiyo. Mtu aliyelala usiku mmoja tu kwenye garaji iliyo wazi, mvua ya Masisi ikimfuata mpaka kwenye mkeka, huyo hatacheka.

Mnakumbuka tulivyotoka. Vita ilipofika Rubaya mwisho wa Aprili 2024, wengi wetu tulishuka kwa njia ya Mushaki na Sake mpaka kambi za karibu na Goma. Wengine walikuwa kule tangu mbele: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Februari 2025 kambi zile zikabomolewa, kila mtu akakunja bashi lake, akarudi. Lakini kurudi si kufika. Kuna waliokuta nyumba imebomoka, kuna waliokuta mtu mwingine ndani, na kuna ambao kijiji chao bado hakilaliki. Hao wote wamebaki hapa mjini kupanga, na hapa, sababu ya koltani, chumba kina bei. Kwa mwenye pesa kidogo kinabaki kitu kimoja: garaji. Kuta tatu nzuri za tofali, manjanja juu, na mbele uwazi mtupu wa kupitisha gari. Geti la chuma halipo.

Chama kikasema: tuwafungie. Mara ya kwanza tulikosea mara mbili, na tumekuja kuwaambia makosa yote mawili, maana pesa iliyotumika ni yenu.

Kosa la kwanza lilikuwa la ukuta. Tulipiga misumari mirefu kwenye tofali, tukashindilia bawaba kwa simenti, tukafunga vizuri sana. Baada ya miezi minne kijiji cha familia ile kikatulia, wakataka kwenda kwao. Bayere akaja kuangalia, akahesabu matundu. Akasema: "Mulitoboa ukuta yangu. Garanti munasahau." Mlango nao haukutoka, simenti iliushika. Familia ikarudi shambani mikono mitupu, ikalala tena chini ya bashi, na mbao zilizonunuliwa kwa msaada wenu zikabaki kupamba garaji ya mtu. Hatumlaumu yule papa. Ukuta ni wake. Sisi ndio tuliokwenda kujenga kwa mwenzetu kama kwetu.

Tangu siku hiyo tuko na sheria moja: msumari wetu unaingia kwenye mbao zetu tu. Kila kitu tunachoweka kwenye garaji ya kupanga lazima kiweze kutoka asubuhi moja, kipande kwa kipande, na ukuta ubaki kama tulivyoukuta.

Inawezekanaje kitu kisimame bila kushikwa na ukuta? Kinasimama kwa kubanwa. Tunapima uwazi, juu na chini, kushoto na kulia, kwa sababu garaji nyingi haziko sawa pembe zote. Tunalaza ubao chini na ubao mwingine juu, chini ya linto. Katikati yao tunasimamisha nguzo za mkaratusi, zilizokatwa fupi kidogo kuliko uwazi wenyewe. Nafasi inayobaki chini ya kila nguzo tunaijaza kwa kabari mbili zinazokutana, moja toka kulia, moja toka kushoto. Ukizigonga, nguzo inapanda na kujibana. Ukitaka kuondoa, unazigonga kinyume, nguzo inalegea, kazi imekwisha. Pale ambapo mbao inagusa ukuta au linto tunaweka kipande cha shambreri, ule mpira wa ndani wa gurudumu. Unazuia mbao isiteleze na unalinda rangi ya bayere.

Mambo mawili muangalie. Nguzo zisimame karibu na kuta za pembeni, msizigonge kwa nguvu katikati ya linto, kwa sababu linto dhaifu inapasuka. Na mkaratusi mbichi unakauka na kupungua: wiki za kwanza mtu apite kila siku chache agonge kabari tena, la sivyo upepo wa usiku mmoja utaangusha kila kitu juu ya watoto.

Juu ya nguzo hizo tunafunga vipande vitatu: viwili vya pembeni visivyofunguka, na kimoja cha katikati ambacho ni mlango. Kila kipande kina fremu yake, na hakizidi kile ambacho watu wawili wanaweza kubeba. Tunaviunganisha kwa waya au bulo, si kwa misumari. Sehemu ya chini, mpaka kifuani mwa mtu, tunaweka mbao au manjanja ya zamani yaliyonyooshwa, maana bashi peke yake halizuii mwizi wala mbuzi. Sehemu ya juu tunaweka bashi, ili mwanga uingie. Bashi lisipigwe msumari hivi hivi, litapasuka siku ya upepo wa kwanza. Lizungushwe kwenye ubao mwembamba, kisha ubao mwingine uwekwe juu yake, ndipo upige. Chini, nje, tunapanga mifuko ya mchanga ili maji ya barabara yasiingie. Haihitaji simenti.

Sasa kosa la pili, na hili ndilo lililotunyima usingizi. Garaji nyingine tuliifunga kwa makini zaidi. Tuliona aibu kuacha upenyo, baridi ya hapa mnaijua. Tukajaza kila tundu kwa vitambaa na magunia, mama akatushukuru. Usiku ule akaingiza mbabula ndani, makala yakiwa mekundu bila moshi, ili watoto wapate joto. Karibu na alfajiri mkubwa akasema: "Mama, kichwa inauma," akatapika. Mdogo hakuamka alipoitwa. Mama mwenyewe alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Alipiga kelele ile aliyoweza, jirani akaja akakata bashi kwa kisu. Watoto walibebwa mpaka kituo cha afya, Mungu akasaidia, leo wako wazima. Lakini tuseme ukweli: yule aliyeziba matundu si mama. Ni sisi.

Makala yakiwaka mahali pasipo na hewa yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, kutapika na uchovu, na mtu aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kwa hiyo siku hizi hatufungi garaji yote. Juu, chini ya linto, tunaacha upenyo wa upana wa kiganja toka ukuta mpaka ukuta, tunaweka grilaji ili panya na mkono wa mwizi visipite. Karibu na chini tunaacha upenyo mwingine mdogo, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Upenyo huo hauzibwi, hata Julai usiku. Na upenyo si ruhusa ya kuingiza moto: mbabula inabaki nje, hata makala yakionekana yamekufa. Joto litatoka kwenye blanketi, na chama kikitoa mlango kitoe na blanketi pamoja.

Mlango ufungukie nje, na usiku kadenasi iwe ndani, ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anapajua. Tunawaomba bamama wanaokwenda sokoni mapema: msifungie watoto kwa nje. Bashi ni plastiki, mshumaa mmoja ukianguka linawaka upesi, na garaji haina mlango wa nyuma.

Jambo la tatu ni karatasi. Kabla ya kugonga kabari ya kwanza tunakwenda kwa bayere, tunamwamkia, tunamweleza, na tunaandika kurasa mbili, moja yake, moja yetu. Tunaandika garaji ilivyo leo: ufa ule pale, rangi ile imebanduka, matundu haya tuliyakuta. Tunapiga picha kwa simu. Tunaandika tunachoongeza, na kwamba ni mali ya mpangaji na atatoka nacho. Shefu wa avenue anaweka sahihi kama shahidi. Tena mjue: sheria ya nchi yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Hatuwaambii mkagombane na mtu. Tunawaambia mjue, ili mzungumze kwa heshima na bila woga. Bayere wengi wakiona ukuta wao hauguswi wanalegea wenyewe. Mmoja alituambia: "Kama ni hivyo, mufunge hata ile ingine."

Ndugu marafiki mnaochangia, sasa tunakuja kwenu. Zamani tulikuwa tunaomba pesa ya kufunga garaji. Sasa tunaomba pesa ya milango inayotembea. Familia ikipata njia ya kurudi kwao, tunalegeza kabari, tunapakia vile vipande vitatu kwenye chukudu, na mlango unatangulia kijijini kabla ya nyumba. Kule unakuwa ukuta wa kwanza wa nyumba mpya. Familia isiyouhitaji tena inaurudisha kwa chama, na mwingine anaupokea. Mbao ni zile zile, misumari ni ile ile, na msaada wenu haubaki ukutani kwa mtu.

Tunahitaji mbao, bulo, waya, grilaji, mashuka ya bashi yaliyo mazima, na mablanketi. Tunahitaji pia mafundi wawili wa kufundisha vijana wetu kukata kabari vizuri, maana kabari mbaya ni mlango ulioanguka. Wanachama wenye mkaratusi shambani, nguzo moja kwa kila mmoja ni mchango kama wa pesa. Kila kitu kitaandikwa kwenye kitabu cha chama, na kila mwezi mtasomewa: mlango huu uko wapi, kwa nani, na umehama mara ngapi.

Mvua za Septemba zikianza tusikute tena mtoto anayelala mbele ya uwazi. Na tusiende tena kufunga mahali mpaka pumzi ikakosa njia. Kesho asubuhi tunaanza na garaji ya nyuma ya soko. Mwenye nyundo aje na nyundo yake.